Bidoni la Njano: Toba ya Muuza Mafuta wa Kasongo

Walimu wetu wa chuo, hapa Kasongo, walitufundisha kwamba toba ina masharti manne: kuliacha kosa, kulijutia, kuazimia kutolirudia, na ikiwa kosa lilimgusa mtu, kumrudishia haki yake. Masharti matatu ya kwanza mtu anaweza kuyatimiza usiku mmoja, peke yake, juu ya msala. La nne limenichukua miaka zaidi ya kumi, na sijui kama nimelimaliza. Ndiyo sababu natoa ushuhuda huu.

Mimi ni mjane, mama wa watoto watano. Nilizaliwa Kabambare mwaka 1972, nikaolewa Kasongo, na hapa ndipo nilipo. Kwa miaka mingi niliuza mafuta, na wateja waliniita Mama Kadhafi. Kwetu Kongo, yeyote anayeuza esansi, yaani mafuta ya pikipiki na magari, kando ya barabara kwa chupa na bidoni huitwa kadhafi, kwa ajili ya yule mtawala wa Libya aliyekuwa na visima. Mimi sikuwa na kisima. Nilikuwa na meza, mpira wa kunyonyea, faneli, chupa kumi, na bidoni la njano la lita 20.

Utotoni, neno "mafuta" kwetu lilikuwa na maana moja tu: mawese. Mama yangu alichemsha chikichi, akazitwanga, akakamua, na kilichobaki baada ya mboga kiliwekwa kwenye kopo pamoja na utambi wa pamba uliosokotwa. Hiyo ndiyo ilikuwa taa yetu. Mwanga wake ni mwekundu na moshi wake unapaka dari masizi, lakini hakuna aliyetoka nje ya kijiji kuutafuta. Petroli, ambayo ndugu zetu wa Tanzania huiita mafuta ya taa, tuliiona kwa mwalimu mkuu na kwa wenye maduka. Taa ya petroli ilikuwa alama kwamba mwenye nyumba ana jamaa mahali fulani mbali.

Mbali hiyo watu wa Kabambare tunaijua tangu zamani. Karne ya kumi na tisa, njia ya misafara ilitoka Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika, ikapita Kabambare, ikafika Kasongo na Nyangwe ukingoni mwa Mto Lualaba. Kasongo ulikuwa mji wa Tippu Tip, tajiri wa misafara hiyo, mpaka majeshi ya Wabelgiji yalipouteka mwaka 1893. Pembe za ndovu zilikwenda mashariki juu ya vichwa na mabega ya watu, na vitambaa, shanga na baruti vilirudi vivyo hivyo. Kiswahili ninachoandikia kilikuja kwa njia hiyo, na dini yangu pia. Babu yangu alikuwa akihesabu umbali kwa wapagazi: mahali fulani ni mbali "kwa mzigo", mahali fulani ni karibu "bila mzigo". Nilidhani ni maneno ya wazee. Sikujua kwamba siku moja nitakula kwa hesabu hiyohiyo.

Vita vya 1998 hadi 2003 vilitufundisha maana ya kukosa. Barabara zilifungwa. Chumvi ilipimwa kwa kijiko, na petroli ikawa hadithi. Tulirudi kwenye mawese, pamoja na wale waliokuwa wamekwisha kuyasahau. Amani ilipoanza kurudi, mume wangu alikuwa ameshafariki. Mwaka 2004 niliuza vitenge vyangu vitatu, nikanunua bidoni moja la esansi kwa kijana aliyelileta kutoka Kongolo kwa baiskeli. Kwa siku mbili halikubaki tone. Pikipiki ndiyo zilikuwa zinaanza kuwa nyingi mjini, na kila motari alikuwa anatafuta chupa. Nikaona mlango wa riziki umefunguka.

Msomaji anayesimama kituoni Dar es Salaam au Mombasa na kumwambia mhudumu "jaza" huenda asielewe maana ya chupa moja ya esansi juu ya meza yangu. Basi nieleze ilivyofika. Meli inashusha Dar es Salaam mafuta ambayo yamekwisha kusafishwa ng'ambo. Yanasafiri kwa lori au kwa reli ya kati, zaidi ya kilomita 1,200, hadi Kigoma. Yanavuka ziwa kwa boti hadi Kalemie, au yanazunguka kwa Uvira na Baraka na kuingia Kabambare kupitia Fizi. Kutoka Kalemie kuna reli iliyojengwa na Wabelgiji, iliyounganishwa na Kabalo mwaka 1915, na kutoka huko kuna njia ya Kongolo inayokwenda hadi Kindu. Treni ikitembea, yanapanda treni. Isipotembea, ni lori. Lori likizama kwenye matope, ni pikipiki. Pikipiki ikishindwa, ni baiskeli, tena baiskeli ya kusukuma wala si ya kupanda.

Njia nzima, mafuta yanakula mafuta. Lori lililokwama siku nne linaunguza mazutu, yaani dizeli, likinguruma mahali pamoja. Pikipiki inayoleta mabidoni manne inakunywa njiani sehemu ya ilichobeba. Kwenye kila bariera kuna mkono unaotaka chupa. Jua linavukiza, kifuniko kinavuja. Kila anayelipokea bidoni anaongeza bei na kupunguza ujazo. Serikali yetu hutangaza bei ya mafuta kwa kanda: Magharibi, Mashariki, Kusini, Kaskazini. Bei hizo Kasongo tunazisikia redioni, kama tunavyosikia matokeo ya mpira wa nchi nyingine.

Wazee waungwana walisema: maji ya kifuu, bahari ya chungu. Lita moja, ambayo dereva wa Nairobi anaimaliza kwenye foleni ya magari, kwetu ilikuwa bahari. Ilimfikisha mama mjamzito zahanati. Ilikoboa mpunga wa familia. Iliwasha jenereta, tunayoiita grupu, ili harusi ipate muziki. Hatukutumia mengi. Tulitumia machache kuliko karibu watu wote duniani, lakini hayo machache yalishika kila kitu. Nami ndiye niliyeshika kifuu.

Sasa naungama. Chupa ya plastiki ukiimwagia maji ya moto hujikunja kidogo, na jicho la mteja halioni. Chupa zangu zote kumi nilizikunja. Niliposikia lori limezama mahali fulani, nililala vizuri, maana nilijua kesho bei itapanda. Niliomba mvua inyeshe barabarani. Sitaki kulilainisha hili: kwa miaka saba, shida ya watu wa mji wangu ilikuwa dua yangu.

Na kulikuwa na petroli. Mwaka 2011, majira ya mvua, kijana aliniletea petroli ya taa, na bidoni langu la petroli lilikuwa limepasuka. Nikaimimina kwenye bidoni la njano. Chini yake kulikuwa na esansi iliyobaki, kama vidole viwili. Sikuimwaga, kwa sababu ilikuwa pesa. Sikulisuuza. Nilisema moyoni, mafuta ni mafuta.

Si kweli, na leo nataka kila muuzaji alijue hili. Petroli ya taa inahitaji joto la digrii 38 au zaidi ndipo mvuke wake ushike moto. Ndiyo sababu inaweza kukaa tumboni mwa taa huku utambi unawaka juu. Esansi inatoa mvuke wa kushika moto hata kwenye baridi kali. Ukichanganya kidogo tu ndani ya petroli, tumbo la taa linajaa mvuke huo, na moto unashuka kwa utambi kwenda kuufuata. Taa haiwaki tena. Inalipuka.

Jioni ile nilimuuzia chupa mke wa mwalimu, jirani yangu wa nyumba ya tatu. Mtoto wao wa kiume alikuwa darasa la sita, mwaka wa mtihani. Aliwasha taa, akafungua daftari. Sisi majirani tulisikia mshindo, kisha kelele. Nilikimbia pamoja na wengine. Nilisaidia kumwagia maji. Nilishika kichwa chake wakati wanamvua shati, na ngozi ya mikono ikatoka na shati.

Alfajiri ya siku ya pili mama yake alikuja mlangoni kwangu. Hakupiga kelele. Alikuwa na chupa iliyobaki nusu. Aliniita yaya, kama tunavyomwita dada mkubwa.

"Yaya, nusa."

Nilinusa. Esansi haijifichi. Harufu yake inapanda moja kwa moja katikati ya macho.

"Sisikii kitu," nikasema.

Alinitazama kwa muda, akachukua chupa yake, akaondoka. Kati ya makosa yote niliyoyataja, hilo ndilo linaloniamsha usiku. Kuchanganya kulikuwa uzembe. Kukunja chupa kulikuwa wizi. Lakini mwanamke mwenzangu aliniomba jambo moja tu, niseme ninachosikia, nami nikamnyima.

Nilikaa siku mbili nikinawa mikono kwa majivu na ndimu. Ijumaa, khatibu alizungumza juu ya watu wanaopunguza vipimo. Hakunijua wala hakunitaja, naye alikuwa anasoma lililoandikwa tangu zamani. Nilirudi nyumbani, nikavua viatu mlangoni kwa mwalimu, nikaketi chini kwenye mkeka. Nikamwambia mke wake: "Niliisikia. Ni esansi. Ilitoka kwangu, na nilijua tangu uliponipa chupa." Hakunijibu. Mwalimu ndiye aliyesema: "Tunajua, mama. Keti juu ya kiti." Nilibaki kwenye mkeka.

Nililipa dawa zote. Niliuza pikipiki yangu ili zisikatike. Mtoto alipona, lakini vidole viwili vya mkono wa kulia havikunjiki hadi leo. Mwaka ule hakufanya mtihani. Chupa zilizokunjwa nilizichoma, nikanunua kipimo cha lita moja cha chuma, na kwa kuwa wateja niliowapunja sikuweza kuwahesabu wala kuwapata wote, nilianza kutoa matabishi, nyongeza ya bure, kwa kila aliyenunua. Petroli ya taa sikuiuza tena.

Mwalimu alikuwa anafundisha jiografia. Jioni nilipokwenda kumwangalia mtoto, tulizungumza. Nilimwuliza swali ambalo kila mtu wa Kasongo amewahi kuliuliza: nchi yetu ina mafuta yake, kwa nini tunayasubiri kutoka Dar es Salaam? Akachukua chaki, akapiga hesabu mlangoni. Mafuta ya Kongo yanachimbwa Muanda, kwenye Bahari ya Atlantiki, ncha ya magharibi kabisa, na sisi tuko upande wa pili wa nchi. Tangu mwaka 1975 yanatoka hata chini ya bahari. Ni mapipa yanayozunguka 20,000 hadi 25,000 kwa siku, na yanasafirishwa ghafi. Kiwanda cha kuyasafisha cha SOCIR, karibu na Muanda, kilijengwa miaka ya 1960 kwa ajili ya mafuta mepesi ya kigeni, si kwa mafuta mazito ya kwetu, na kiliacha kusafisha mwishoni mwa miaka ya 1990. Basi tunauza ghafi na kununua yaliyosafishwa, kama mkulima anayeuza mpunga wote na kununua wali mkahawani.

Kisha akaniambia: "Haya, tuseme kiwanda kimefufuka. Pipa moja ni lita 159. Zidisha kwa 20,000. Gawanya kwa Wakongo milioni 70." Nilidhani nitapata ndoo. Ilitoka chini ya sehemu moja ya ishirini ya lita. Vijiko vitatu vya kulia chakula kwa kila mtu kwa siku. Nilitazama ule mlango kwa muda mrefu. Tangu siku ile, mtu akiniambia kwamba siku moja mafuta yetu yatatutosha, namwambia alete kijiko.

Msifikiri kwamba nilibadilika papo hapo. Nililiacha kosa nusu. Mwaka 2016 mgodi mkubwa wa dhahabu wa Namoya, karibu na Salamabila katika eneo la Kabambare, ulianza uzalishaji kamili, na vijana kutoka kila upande walimiminika sehemu zile, wengi wao wakichimba kwa mikono yao wenyewe pembezoni. Wenye pampu za maji walitaka esansi. Wenye mashine za kusaga mawe walitaka mazutu. Bei ya Salamabila ilikuwa inalewesha. Nilijaza chumba cha nyuma mabidoni mpaka watoto wakawa wanalala sebuleni. Nilipima sawasawa, ndiyo, kwa kipimo cha chuma. Lakini motari wa Kasongo alipokuja asubuhi nilimwambia hakuna, ili bidoni liende kwenye dhahabu.

Aliyenigeuza mara ya pili alikuwa kijana wa baiskeli. Alikuja mchana wa jua kali akisukuma mabidoni matano. Nililipa ujira wake, akaketi kwenye kivuli cha paa langu, akaomba maji. Mabega yake yalikuwa na alama mbili nyeusi, mahali anapoegemeza fimbo na usukani kwenye mlima. Nilimwuliza kwa nini hatafuti pikipiki. Akacheka. "Mama, pikipiki inakunywa mafuta yako. Mimi nakunywa maji. Mimi ndiyo mashine isiyokula mafuta."

Alisema kwa furaha, wala hakutaka kunichoma. Lakini nilikumbuka hesabu ya babu, ya umbali kwa mzigo. Lita 100 za esansi zina uzito wa kilo 74 hivi. Ni uzito wa mtu mzima. Kijana yule alikuwa amesukuma mtu mzima juu ya vilima vyote vya njiani, kwa siku zisizopungua nne, kwa ujira ambao ulikuwa mdogo kuliko faida yangu kwenye bidoni moja. Tunasema taifa linategemea mafuta ya nje. Kwetu kusini mwa jimbo la Maniema nataka tuseme kweli yote: mafuta ya nje nayo yanategemea mabega ya watoto wetu. Tippu Tip alikufa mwaka 1905, na mzigo bado uko njiani.

Juma lile nilifungua chumba cha nyuma, nikauza kila kitu hapahapa mjini kwa bei ya kawaida. Kwa pesa hizo nilinunua bao la kwanza la umeme wa jua, betri moja, na waya. Nilianza na kuchaji simu. Watu walishangaa: Mama Kadhafi anauza jua! Mwanzoni nilikosea. Betri ya kwanza niliikamua usiku kucha mpaka ikafa kabla ya mwaka kwisha. Nilijifunza kwamba betri ni kama ng'ombe wa maziwa, ukikamua mpaka tone la mwisho unamuua. Nilijifunza kufuta vumbi juu ya bao kila asubuhi, kulielekeza kaskazini kidogo kwa sababu tuko chini ya ikweta, na kukata tawi la mwembe lililolitia kivuli saa tisa.

Jambo lililonipa usingizi lilikuwa taa ndogo. Nilianza kuuza taa za jua zile za kushika mkononi, na nyingine nilizikopesha. Ya kwanza kabisa niliipeleka nyumba ya tatu. Mke wa mwalimu aliipokea kwa mikono miwili, akaiwasha, akaizima, akasema: "Hii haina harufu." Hakusema zaidi.

Baadaye, wanawake kumi na wawili wa likelemba yetu, kikundi cha kuchangiana pesa kwa zamu, tuliamua mzunguko mmoja usigawanywe. Mzunguko huo na mingine miwili ilinunua mabao manane na mashine ndogo ya umeme ya kukoboa mpunga. Kasongo ni nchi ya mpunga, na mkulima wetu alikuwa akiacha sehemu ya gunia lake kwa mwenye mashine ya mazutu, maana mazutu ilisafiri kutoka ng'ambo kuja kulikoboa. Nisidanganye: mashine ya mazutu ina nguvu kuliko yetu. Gunia inalolimaliza kwa dakika chache, sisi tunalimaliza kwa muda mrefu, na siku ya mawingu mazito tunafunga mlango. Lakini lori likizama Kabambare, mlango wetu hauna habari.

Wengine wananiuliza: mabao hayo nayo si yametoka China? Hayakuja kwa njia ileile, kwa boti ileile, labda kwa bega lilelile? Ni kweli, na swali hilo ni la haki. Jibu langu ni methali: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Bao la jua lilikuja mara moja, likapewa jembe, na linalima kila siku bila kuomba chakula kingine barabarani. Mazutu ni mgeni asiyeshika jembe kamwe. Kila juma anataka kulishwa, na chakula chake kiko Dar es Salaam.

Sikuacha kabisa kuuza esansi. Nasema hivyo ili ushuhuda wangu usiwe na chupa iliyokunjwa. Pikipiki zinaihitaji, na mgonjwa hawezi kubebwa na bao la jua. Karibu Mkongo mmoja tu kati ya watano ana umeme, ingawa tuna maji ya maporomoko ya Inga, yanayozungusha mitambo tangu 1972. Nyaya kubwa kutoka Inga zinavuka nchi kwenda kwenye migodi ya Katanga, wala haziji kwetu. Kwa hiyo ninauza esansi kidogo, kwa kipimo cha chuma, kwa motari wa mjini tu. Petroli ya taa na mazutu sigusi.

Mwaka 2022 nilipimwa tena. Urusi ilipoingia Ukraine mwezi wa Februari, bei ya pipa duniani ilipita dola 100, na majuma machache baadaye joto lake lilifika kwenye meza yangu, mahali ambapo watu hawajui hata Ukraine iko upande gani. Mwezi wa Julai mwaka huohuo tulisikia redioni kwamba serikali inatangaza mnada wa maeneo 27 ya kutafuta mafuta, 11 kati yake yakiwa katika bonde la Ziwa Tanganyika. Hapo mjini furaha ilikuwa kubwa. Vijana walisema, sasa tutachota nyumbani. Mimi nilikumbuka Muanda, ambako mafuta yapo tangu utoto wangu. Mnada ule ulifutwa Oktoba 2024. Hata usingefutwa, kisima si taa. Katikati kuna kiwanda, bomba, barabara, na mtu mwenye chupa, naye anaweza kuwa kama mimi nilivyokuwa.

Kisha ukaja mwaka 2025. Mji wa Goma ulitekwa na waasi mwishoni mwa Januari, na Bukavu katikati ya Februari. Bidhaa nyingi za Maniema zilikuwa zikipitia huko, na hofu peke yake ilitosha kupandisha bei. Nilisimama kwenye uzio wangu nikasikiliza mji. Miaka ya nyuma usiku kama ule ningesikia grupu zikizimika moja baada ya nyingine, na moyo wangu ungepiga hesabu. Safari hii grupu zilizimika vilevile, lakini katika nyumba nyingi za mtaa wetu taa nyeupe ndogo ziliendelea kuwaka, na watoto waliendelea kusoma kwa sauti. Nilijikuta naomba mvua isinyeshe barabarani, kwa ajili ya vijana wa baiskeli. Nikaketi chini nikalia. Nilijua hapo kwamba sharti la tatu, la kutorudia, Mungu amenisaidia.

Kwa wenzangu wauzaji, wa Kabambare, Salamabila, Samba, Kongolo na kwingine, nina maneno matatu. Bidoni la esansi lisiguse petroli ya taa maisha yake yote. Lifunge kitambaa chekundu shingoni, na ufundishe watoto wako. Ukiwa na shaka juu ya mafuta uliyoletewa, usiyauze kwa ajili ya taa, hata ukipata hasara. Na mlipe kijana wa baiskeli kama unavyomlipa mtu aliyekuletea maisha yako mgongoni. Kwa wenye mashine: kaeni chini na mwalimu yeyote mwenye chaki, mpige hesabu ya mazutu yenu ya miaka mitatu. Mlango utawaambia la kufanya.

Nabakiwa na sharti la nne.

Mtoto yule sasa ni mwanaume, ana mke, analima mpunga ng'ambo ya mto. Kila mara anapokuja mjini hupitia kwangu kuchaji simu. Anaishika kwa mkono wa kushoto. Mara ya kwanza nilikataa pesa yake. Nilimwambia, "Mwanangu, wewe hapa hulipi mpaka nife." Aliweka noti ya franka mia tano juu ya meza, ileile meza ya zamani, akaibana na kipimo cha chuma ili upepo usiichukue.

"Mama," akasema, "nikija bure, nimekuja kwa ajili ya mkono huu. Nikilipa, nimekuja kuchaji simu. Niache nije kuchaji simu."

Ninapokea pesa yake. Kila mara ninaipokea.